Darubini ya Pwani: kabla ya kuuliza inavuta mara ngapi, uliza kama inazuia maji

Kila Shaabani inapokaribia kumalizika, swali moja hunifikia kwa simu, kwa WhatsApp na barazani: "Ndugu, tunataka kununua darubini, tuchukue ipi?" Wanaouliza ni kamati za misikiti na vijana wanaopanda juu ya maghorofa kutafuta mwezi mwandamo. Miezi mingine huuliza wavuvi, manahodha wa mashua za watalii, na wazee wanaopenda kukaa ufuoni kutazama vyombo vikipita. Kabla sijajibu, swali la pili huwa limeshafika: "Inavuta mara ngapi?"

Hilo la pili ndilo linalotutia hasara. Stashahada yangu ni ya ufundi wa maabara, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutunza hadubini na mizani katika maabara za shule hapa Pwani. Watu wakijua unashika vioo, hukuletea kila chenye kioo. Darubini nilizoletewa zikiwa zimekufa ni nyingi, na sikumbuki hata moja iliyokufa kwa sababu ilivuta kidogo. Zimekufa kwa maji, kwa kuvu, kwa chumvi na kwa kuanguka.

Pesa zinazonunua vifaa hivi mara nyingi si za mtu mmoja. Ni mchango wa waumini, au akiba ya kikundi cha wavuvi. Hiyo ni amana. Na kazi inayotarajiwa si mchezo: ni kumtafuta mwenzenu ambaye mashini ya boti imemzimikia msimu wa kusi, au kutoa ushahidi wa mwezi ambao watu watafunga na kufungua kwao. Kifaa kikikataa saa hiyo, kujua kwamba kilivuta mara 20 hakutasaidia kitu.

Kinachoua darubini huku kwetu

Darubini ni mirija miwili yenye vioo mbele, vioo nyuma, na katikati vipande vya kioo vyenye pembe viitwavyo prizimu, ambavyo huigeuza picha ikae sawa. Katikati ya vioo hivyo kuna hewa. Hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu mwaka mzima. Umeona chupa ya soda baridi inavyotoka jasho ikiwekwa mezani? Jasho hilo halikutoka ndani ya chupa, limetoka hewani. Basi darubini isiyofungwa vizuri hufanyiwa hivyo hivyo ndani ya tumbo lake: usiku wa baharini vioo vinapopoa, mvuke uliomo ndani hugeuka ukungu, na huwezi kuufikia kwa kitambaa.

Ukungu huo ukikauka na kurudi, ukikauka na kurudi, hufuata kuvu. Huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui. Kuvu hawa hutoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya lenzi, na hata ukimsafisha, alama hubaki. Nimeona hadubini za shule zilizofungiwa kabatini likizo moja tu zikatoka na kuvu, sembuse darubini inayolazwa ndani ya mfuko uliolowa.

Kisha kuna chumvi. Chumvi hula skrubu, hukausha grisi ya gurudumu la kurekebishia picha mpaka likawa gumu kama limeshindiliwa saruji, na chembe zake hukwaruza kioo ukiipangusa kavu. Wa mwisho ni kuanguka. Darubini rahisi imeshikiliwa prizimu zake kwa tone la gundi au kibanio chembamba. Ikidondoka mara moja kwenye mbao za chombo, mirija miwili huacha kutazama mahali pamoja. Utaona vitu viwili viwili, au utaona kimoja lakini kichwa kikuume baada ya dakika tano, kwa sababu macho yako yanalazimishwa kuunganisha kisichoungana.

Wapiga shabaha walivyolitatua

Watu waliolifikiria jambo hili sana ni wapiga shabaha wa masafa marefu, wale wanaolenga ubao ulio karibu kilomita moja. Darubini inayokaa juu ya bunduki zao hupigwa teke kila risasi inapotoka, na hunyeshewa mvua uwanjani. Kioo cha ndani kikihama na kuipotosha shabaha kwa sehemu moja tu ya 60 ya digrii moja, risasi ya mita 900 itakosa kwa sentimita 26 hivi. Ndiyo maana ukiwasikiliza wakichagua, swali lao la kwanza ni kama kifaa kinabaki pale kilipowekwa, la pili ni kama kinaingia ukungu, na mambo ya kuvuta huja baadaye.

Mwaka 1947 kampuni ya Leupold ya Oregon, Marekani, ilitoa darubini ya bunduki iliyotolewa hewa ya kawaida na kujazwa gesi ya nitrojeni, kisha kufungwa isipitishe kitu. Nitrojeni haina uchawi wowote. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Faida yake ni kwamba ile inayotiwa kiwandani ni kavu. Pasipo mvuke ndani, hakuna ukungu, na kuvu hapati unyevu wa kuotea. Siku hizi darubini nzuri za macho mawili hufanywa vivyo hivyo, nyingine kwa gesi ya argoni, na maungio yake huzibwa kwa pete za mpira.

Kwa hivyo ukishika boksi dukani, soma maandishi kwa makini. Palipoandikwa "water resistant" maana yake inavumilia manyunyu tu. Unachotaka ni "waterproof" pamoja na "nitrogen filled" au "argon filled". Bora zaidi ni ukikuta kipimo: IPX7 maana yake kifaa kimekusudiwa kuvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni marashi ya mvua tu. Kama boksi halisemi lolote kuhusu maji, jua limekaa kimya kwa sababu halina la kusema.

Zile namba mbili

Sasa tuje kwenye kuvuta. Kila darubini ina namba mbili, mfano 7x50, 8x42 au 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na hii ndiyo mdomo unaokusanya mwanga.

Gawanya ya pili kwa ya kwanza. 7x50 inakupa 7 na kidogo. 8x42 inakupa 5 na robo. 10x50 inakupa 5. Na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inakupa 2 na nusu. Jibu hilo ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi; sisi tuliokwisha vuka ujana yetu hufunguka kidogo zaidi, 5 au pungufu. Mchana wa jua kali duara dogo linatosha. Lakini baada ya Magharibi, au alfajiri ukiwa baharini, duara la milimita 2 na nusu ni kama kuchungulia kwa tundu la ufunguo.

Jambo jingine ni mkono. Darubini ikivuta mara 10, mtetemeko wa mkono wako nao umevutwa mara 10. Nchi kavu, mara 10 ndio mwisho wa mkono wa kawaida. Zaidi ya hapo utahitaji stendi ya miguu mitatu. Ndani ya chombo kinachoyumba, hata mara 10 ni nyingi mno. Ndiyo sababu mabaharia wa dunia nzima wamezoea 7x50. Inavuta kiasi, haitetemeki sana, na inaona eneo pana, kwa hiyo ukitafuta kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hupotezi muda kuwinda kwa kipande kidogo kidogo.

Ushauri wangu kwa ufupi: mvuvi na nahodha wachukue 7x50 ya baharini. Kamati ya mwezi ichukue 10x50 na stendi, au 8x42 kama itashikwa mkononi. Anayevaa miwani aulize nafasi ya jicho, kwa Kiingereza "eye relief". Ikiwa milimita 15 au zaidi ataweza kutazama bila kuivua.

Uongo wa mtaani

Kuna darubini ndogo zinazouzwa barabarani, zimeandikwa 30x60 kwa herufi kubwa, vioo vyake vya mbele vinang'aa rangi nyekundu kama macho ya paka. Muuzaji atakwambia zinaona mpaka usiku. Mwombe dakika moja, toa rula, pima upana wa lenzi ya mbele. Ikiwa 60 ni kweli, utapata sentimita 6. Mara nyingi utapata 2 na kidogo. Namba ya pili ikiwa ya uongo, ya kwanza huna sababu ya kuiamini.

Wekundu ule nao si sifa. Kioo kinachokurudishia mwanga mwekundu kimeunyima jicho lako mwanga huo, na picha itatoka ya kijanikijani. Utando mzuri hung'aa hafifu, kijani au zambarau iliyokolea, na kioo huonekana kama hakipo. Utando huu si urembo. Kila uso wa kioo usiopakwa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Mrija mmoja ukiwa na nyuso 10 tu, karibu theluthi ya mwanga imepotea njiani. Ukipakwa vizuri upotevu hushuka kuwa asilimia chache. Kwa hivyo tafuta maneno "fully multi-coated" kwenye boksi, maana yake nyuso zote zimepakwa, tena tabaka zaidi ya moja.

Umbo nalo lina la kusema. Zipo zenye mabega mapana, mfumo uliotokana na ugunduzi wa Mwitaliano Ignazio Porro wa mwaka 1854, na zipo zilizonyooka kama mirija miwili ya bomba. Zilizonyooka ni nyepesi, lakini prizimu zake ni ngumu kutengeneza. Kwa hiyo kwa pesa kidogo, yenye mabega aghalabu itakupa picha bora kuliko iliyonyooka ya bei ile ile.

Vipimo vitano kabla ya kutoa pesa

Cha kwanza, itikise taratibu karibu na sikio. Ikisikika kitu kinagonga ndani, irudishe.

Cha pili, ielekeze penye mwangaza, si kwenye jua, uishike mbali na uso kiasi cha urefu wa mkono. Utaona maduara mawili madogo ya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Yawe mviringo kamili. Yakiwa na kingo za kijivu kama mraba uliokatwa pembe, prizimu ni za kioo cha hali ya chini. Zilizo bora huandikwa BaK-4.

Cha tatu, tazama waya wa stima au ncha ya mnara ulio mbali. Kisha vuta darubini nyuma kidogo kutoka machoni. Waya uendelee kuwa mstari mmoja. Ukivunjika, mmoja juu mwingine chini, mirija haikulingana, na hiyo hapa kwetu ni kazi ngumu kumpata fundi wa kuirekebisha.

Cha nne, zungusha gurudumu la kurekebishia mwanzo hadi mwisho. Liende laini bila kukwama wala kulegea. Nyingi za baharini hazina gurudumu la katikati; kila jicho hurekebishwa peke yake. Usizikimbie. Sehemu zinazocheza ni chache, kwa hivyo njia za maji kuingia ni chache. Ukishaweka mara moja kwa vitu vya mbali, huigusi tena.

Cha tano, mulika tochi ya simu kupitia lenzi ya mbele na uchungulie ndani, hasa kama ni ya mtumba. Ukiona nyuzi za buibui au ukungu wa maziwa, hao ni kuvu. Achana nayo hata kama jina lake ni kubwa, na usiiweke kabati moja na nyingine zako.

Kwa watafuta mwezi

Kuna jambo wageni husahau na sisi wenyewe wakati mwingine pia: jua letu halizami baharini. Bahari iko mashariki, na hilali hutokea magharibi, juu ya bara. Kwa hiyo ufuo wa wazi si lazima uwe mahali pazuri. Tafuta kilima au paa lenye magharibi wazi, pasipo minazi wala majengo, na uende mapema uizoee sehemu hiyo.

La pili ni la hatari, naomba lisomwe mara mbili. Usiielekeze darubini magharibi mpaka jua limezama lote. Lenzi ya milimita 50 hukusanya miale ya jua kama kioo kinachowasha karatasi, na jicho linaweza kuungua kwa mtazamo mmoja bila kuhisi maumivu. Watoto wakiwapo, darubini ikae shingoni mwa mtu mzima.

La tatu, darubini haizai mwezi. Mwanafalaki wa Ufaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa karibu na jua chini ya digrii 7 hivi, hakuna hilali ya kuonekana. Mwezi hujitenga na jua kwa takriban nusu digrii kila saa. Fanya hesabu mwenyewe: kwa kawaida saa 14 hivi baada ya kukutana kwake na jua ndipo huanza kuwa na matumaini, na hata hapo ni kwa tabu. Kwa hiyo mtu akisema amemwona kabla ya hapo, kifaa ghali hakimfanyi kuwa shahidi bora. Kama kuonekana kwa darubini kunatosha, au lazima jicho tupu lithibitishe, hilo tuwaachie masheikh. Mimi nazungumzia kioo. Nijuacho ni kwamba darubini safi hukuonyesha pa kutazama, kisha unaishusha na kumtafuta kwa macho yako, na mara nyingi humpata.

Ikishafika nyumbani

Ikitoka baharini, isipanguswe kavu. Kama ni ya kuzuia maji kweli, imwagie maji baridi ya kunywa itoke chumvi, ikaushe kivulini, ndipo upanguse lenzi kwa kitambaa laini cha miwani. Pembe ya kikoi au fulana haifai. Imebeba mchanga na chumvi. Penye mchanga, puliza kwanza kwa kipulizio au futa kwa brashi laini.

Usiilaze ndani ya mfuko wake wa ngozi kwa miezi. Mfuko hunyonya unyevu na giza ndilo kuvu analolitaka. Iweke ndani ya debe la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe kavu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara. Kila wiki mbili itoe ipate hewa na mwangaza. Wala usiiache mbele ya kioo cha gari juani. Joto huyeyusha gundi na kuufanya mpira wa nje unate kama lami.

Kuhusu bei, sitaandika, kwa sababu hubadilika kila shilingi inapoyumba. Wengi tuna jamaa Muscat, Dubai au Jeddah wanaoulizwa "nikuletee nini?" Badala ya manukato, watumie ujumbe huu: darubini 7x50 au 8x42, waterproof, nitrogen filled, fully multi-coated, BaK-4, yenye dhamana ya maandishi. Huo ujumbe una maana kuliko jina lolote la kampuni.

Na kamati zikubali jambo moja. Darubini moja nzuri inayotunzwa na mtu aliyeteuliwa, jina lake likiandikwa daftarini kila inapotoka na kurudi, ina faida kuliko tano za barabarani ambazo baada ya masika moja hazioni hata mnara wa jirani. Anayeona hiyo moja ni ghali ajumlishe bei ya zile tano, kisha aongeze ya sita ambayo atainunua mwakani.